Kiangazi kituoni, picha ruksa?

SWALI: Anti shikamoo, niko Vancouver na wanangu, tunataka kwenda Whistler kwenye kituo cha utamaduni cha Wasquamish na Walil'wat, wale wenyeji asilia wa huku Kanada, sasa naogopa kujiaibisha, kupiga picha inaruhusiwa?

JIBU: Marahaba, nendeni bwana! Kipo tangu 2008 na wenyeji wenyewe ndo wanawatembeza, kwa hiyo acha watoto waulize wanavyotaka. Mchezaji ngoma muombe kwanza kabla hujampiga picha, na mavazi yake msiyashike, unyoya wa tai kwao ni kitu cha heshima kweli, ukidondoka usiokote, mwite mwenyeji. Juni 21 ni siku ya wenyeji asilia Kanada nzima, tangu 1996, ila mimi ningeenda siku ya kawaida, watoto wakodolee mtumbwi wa mwerezi bila kusukumwa.