Kabla hujatia sahihi, soma Mithali 22

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa hapa Malindi aliniandikia: "Dada, mwenzangu kazini anataka nimdhamini Sacco. Nikikataa nitamtazama vipi usoni?" Mdogo wangu, swali hilo mimi nimelilalia na kuliamkia.

Nashona nguo karibu na soko. Mwenzangu wa kwaya alinijia kibandani na fomu, kalamu keshaifungua. Ilikuwa Desemba, hoteli zimejaa Waitaliano, naye kwa vinyago vyake pale barabara ya Casuarina alikuwa anashika pesa kila siku. Mkopo wenyewe wa miaka mitatu. Nikamuuliza, Mei utalipa na nini? Sote tunajua masika yakiingia na kusi ikivuma, hoteli nyingi hufunga na mji tunabaki sisi wenyewe. Akasema Mungu atafungua njia. Nikamrudishia fomu yake.

Nilisemwa. Mchoyo, mlokole wa mdomo tu. Yuko mama mmoja hadi leo haitikii salamu yangu tukitoka ibadani, na inaniuma, sitaficha. Lakini rafiki yetu alipokwama, Sacco ilikata akiba za waliomdhamini, na mmoja wao alikuwa ameweka karo ya mtoto. Yangu ilisalia. Mwaka huu imeninunulia cherehani ya pili.

Mithali 22:26-27 haizunguki: usiwe mdhamini wa deni za watu, maana ukikosa cha kulipa utaondolewa hata kitanda unacholalia. Leo kitanda hicho ni akiba yako. Ikishadhamini mkopo, huitoi mpaka deni liishe au apatikane wa kushika nafasi yako.

Mzee mmoja wa kanisa alinipinga, akasema mbona Yuda alimdhamini Benyamini? Ni kweli, Mwanzo 43. Basi endelea na sura ya 44: mambo yalipoharibika, Yuda aliomba abaki yeye mtumwa badala ya mdogo wake. Paulo naye alipomtetea Onesimo kwa Filemoni, aliandika kwa mkono wake kwamba atalipa yeye. Hao walikuwa wamejiandaa kulipa. Sisi tunatia sahihi huku tunaomba tusiitwe kulipa, halafu tunaiita imani. Ndugu zangu, imani si hiyo! Pesa ambayo huwezi kumpa mtu leo bila kinyongo, usiidhamini. Afadhali umpe kidogo ulicho nacho, asikurudishie, na urafiki wenu ubaki.

Na wewe uliyekwisha kutia sahihi, Mithali 6 inakwambia usiyape macho yako usingizi, nenda ukamsihi jirani yako. Nenda naye mpaka ofisini. Ulizeni salio la mkopo, na kama anaweza kuleta mdhamini mwingine mahali pako. Sacco nyingi huruhusu. Na uende sasa, wageni wangali wako mjini na yeye angali ana pesa mkononi.