Kocha wa Shule Anapomfundisha Mwanao Kupiga Mpira kwa Namna Usiyoiamini

Binti yangu alipokuwa darasa la nane, kiatu chake cha kulia kilitoboka penye kidole gumba katika muda wa wiki tatu tu, ilhali cha kushoto kilikuwa kizima kabisa. Tunaishi Minnesota, Marekani, ambako mwezi Machi viwanja huwa bado vina theluji na timu za shule za softiboli, mchezo wa kupiga kwa gongo mpira uliorushwa, unaofanana na besiboli, hufanya mazoezi ndani ya ukumbi. Nilipomwuliza kuhusu kiatu, alisimama katikati ya sebule, akashika mpini wa ufagio kama gongo, akapiga hewani, na mguu wake wa nyuma ukasaga zulia papo hapo uliposimama. "Ndivyo kocha anavyotaka, Baba. Anasema nimponde mdudu."

Zoezi hilo ni la zamani na linajulikana sana: mpigaji anazungusha ncha ya mguu wa nyuma kama mtu anayeponda mende, ili kiuno kigeuke. Kocha alikuwa na la pili pia, la kushusha gongo kutoka begani kuelekea chini, kama mtu anayepasua kuni. Yote mawili yalinitia wasiwasi. Nilikuwa nimejitolea kusaidia timu ya watoto ya mtaani kwetu kwa misimu mitatu, na nilikuwa nimetazama video nyingi za wapigaji wazuri zikienda polepole. Wengi wao, gongo linapokutana na mpira, uzito wao umekwisha kuhamia mguu wa mbele, na mguu wa nyuma umebaki mwepesi, pengine umeburutwa mbele kidogo au hata kunyanyuka. Anayebaki akisaga mguu mahali pamoja huacha nguvu zake nyuma. Tena mpira wa softiboli hurushwa kwa mkono unaopitia chini, ukaachiwa karibu na nyonga, kwa hiyo hauji kwa mteremko mkali. Gongo linaloshuka kama shoka hukutana na njia ya mpira huo mahali padogo mno, na mpigaji akiwahi au akichelewa kidogo tu, anaukosa au anaugongesha ardhini miguuni pake.

Hoja zangu zilikuwa na msingi, lakini nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kosa, na ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Sikwenda kwa kocha. Kila jioni nilimwita binti yangu kwenye banda la gari, nikatundika wavu, nikamwekea mpira juu ya kigingi, nikaanza kufuta nilichodhani kimeharibiwa mchana. Alinitii mimi jioni na kumtii mwalimu wake alasiri. Katika mechi moja ya mwezi Aprili alitolewa mara tatu, yaani zamu zake tatu za kupiga ziliishia patupu, na katika mara mbili kati ya hizo hakulichezesha gongo hata kidogo. Mpira ulipita naye akiwa amesimama. Katika softiboli ya sekondari mrushaji huanzia futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani takribani mita 13, na mpira wa kasi ya kilomita 80 kwa saa hufika katika muda unaokaribia nusu sekunde. Hapo hakuna nafasi ya mtoto kuchagua kati ya sauti ya baba na sauti ya kocha. Njia mbili zilimshinda fisi, na yule alikuwa msichana wa miaka 13. Njiani kurudi nyumbani hakusema neno, na nilijua kwamba hilo lilitokana na mimi kuliko kocha.

Basi nilimwandikia kocha ujumbe mfupi nikiomba dakika 10 siku isiyo na mechi. Ninamshauri kila mzazi afanye hivyo badala ya kumkabili kocha kwenye ua wa uwanja watoto wakisikiliza, au mara baada ya kushindwa, wakati kila mtu ana donge kooni. Sikuenda na video wala hotuba. Nilikwenda na swali moja: zoezi hili linarekebisha kosa gani? Kocha, ambaye siku nzima alikuwa darasani akifundisha, alinieleza kwa utulivu kwamba wasichana wengi aliowapokea mwaka ule walipiga kwa mikono peke yake, viuno vimekaza kama mti, na kwamba wengine walidondosha bega la nyuma kiasi kwamba mipira yao ilipaa juu na kudakwa kirahisi. Zoezi la mdudu lilikuwa dawa ya ugonjwa wa kwanza, na la shoka dawa ya ule wa pili.

Maelezo yale yalinibadilisha. Mazoezi mengi ya kupiga hutia chumvi kwa makusudi, yakimvuta mtoto upande wa pili wa kosa lake ili hatimaye atue katikati. Tatizo la kweli lilikuwa kuwapa wachezaji wote dozi moja, na binti yangu hakuwa na ugonjwa wa kiuno. Nilipolisema hilo, kocha alikubali apige mara chache kwa namna ya mdudu pamoja na wenzake, kisha aendelee na hatua yake ya kawaida. Kuhusu la shoka hakulegeza msimamo. Hata leo naamini alikosea, lakini timu ilikuwa yake. Nilimwuliza tu anataka kuona nini siku ya mechi, akajibu kwamba siku ya mechi anataka mpira upigwe kwa nguvu, basi. Nilimwomba amwambie binti yangu maneno hayo yeye mwenyewe, naye akamwambia. Neno hilo kutoka kinywani mwa kocha lilimfungua mtoto kuliko jioni zangu zote.

Usalama ni jambo tofauti kabisa, na hapo sishauri subira. Siku moja nilimkuta msichana akiwarushia wenzake mipira kutoka mbele, hatua chache tu, bila wavu wa kumkinga. Nilimwendea kocha palepale, kwa sauti ya chini, na wavu ukaletwa. Ndivyo ilivyo pia watoto wanapopiga hewani wakiwa wamekaribiana mno, au zoezi linapoendelea huku mtoto akilalamika kiuno, kifundo au goti. Kocha asiposikia, nenda siku hiyohiyo kwa msimamizi wa michezo wa shule, ueleze ulichokiona kwa macho yako na uyaache mengine.

Banda la gari bado tunalitumia. Mimi narusha, yeye anapiga, na habari za mguu wa nyuma nimemwachia yeye na kocha wake.