Ishirini ni mtoto wa kumi, si wa mbili

SWALI: Thelathini imetokana na thalatha, arobaini na arba'a, hamsini na khamsa, na kanuni inakwenda hivyo hadi tisini. Mbona ishirini haifanani hata kidogo na ithnaini, yaani mbili? Halafu, niandike arobaini au arubaini?

JIBU: Kanuni umeiona vizuri, ila ishirini haimo. Yenyewe imezaliwa na kumi. Kumi kwa Kiarabu ni ashara, na mzizi wake umo katika maneno tunayoyatumia kila siku bila kuushtukia. Ushuru, kwa asili, ni fungu moja katika kumi. Sokoni siku hizi ni tozo ya kiasi chochote wanachopanga wakubwa. Ashura ni siku ya kumi ya Muharram. Thenashara ni kumi na mbili ya wazee wa pwani, na ndugu yake yumo katika jina la madhehebu ya Kishia ya Ithnaasheri.

Sasa kumi iligeukaje ishirini? Kiarabu, mbali na umoja na wingi, kina uwili: kiishio maalumu cha vitu viwili tu. Ndicho unachokisikia katika Haramaini, yaani Makka na Madina. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ishirini nayo ilianza kama uwili wa kumi. Ushahidi unapatikana katika lugha ndugu za Kiarabu: Kiakadi, kilichoandikwa kwenye vibao vya udongo huko Mesopotamia, kiliita ishirini eshra, na Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, esra. Ile -a ya mwisho ni alama ya uwili wa kale, na katika lugha hizo iliambukiza hata thelathini na wenzake. Kiarabu na Kiebrania zilikwenda kinyume: ishirini ndiyo iliyofuata wenzake, ikavikwa kiishio cha wingi, kile kile cha mujahidina. Ndiyo maana leo inaonekana kama ina baba mmoja na thelathini.

Na sisi hatukuwa na upungufu. Makumi mawili ni fikra ile ile, kwa Kibantu safi, na mwalimu wa hesabu bado anaitumia anapofundisha makumi na mamoja.

Arobaini au arubaini? Zote zinatumika. Mimi kwenye hesabu naandika arobaini, na anayeandika arubaini ya marehemu simsahihishi.