Zamu ya tisa: barua kwa mwanangu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, hata pale makanga alipokuwa akikuzidi sauti. Umeniuliza jambo moja: "Mama, ni mimi niliyeipotezea timu?" Ukaongeza kwamba tangu Jumamosi ile mlipofunga msimu wa vitara, huu mchezo wenu wa panga, hakuna mwenzako hata mmoja aliyekulaumu, na kwamba afadhali wangekulaumu. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu jibu lina hesabu ndani yake, na hesabu za simu huingia sikio hili zikatokea lile.

Wanijua. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa nikuambie haidhuru, ni mchezo tu. Ungetaka hayo ungempigia shangazi yako.

Siku ile nilikaa karibu na meza ya matokeo, na mkobani nilikuwa na daftari la chama. Mweka hazina hawezi kuona tarakimu zikibadilika mbele yake akaacha kuziandika. Zamu zote tisa ninazo.

Pambano la timu ni watatu kwa watatu, kila mmoja akutane na kila mmoja wa upande wa pili, ndiyo maana zamu ni tisa. Kila zamu ni dakika tatu, na kikomo kinapanda kwa tano: ya kwanza inaishia timu moja ikifika miguso 5 (upanga ukimgusa mpinzani ni alama moja), ya pili 10, hivyo hivyo hadi 45. Unayajua haya kuliko mimi. Nayaandika ili ukumbuke kitu ambacho kilio kimekusahaulisha: anayeingia akiwa nyuma hafungwi na tano zake. Anaweza kuokota miguso minane, tisa, hata zaidi, katika zamu moja. Hapo ndipo tulipovuja, na hatukuvuja mara moja.

Kocha alikupa namba tatu, yaani ufungue, urudi katikati, kisha umalize. Ukafungua kwa 5–3. Mwenzako wa namba moja akafika 10–8. Yule wa mkono wa kushoto, namba mbili, akatupeleka 15–11. Zamu ya nne tukaingia tukiwa mbele kwa minne, tukatoka 20–19. Ya tano ukapanda wewe, ukaruhusu mguso mmoja tu: 25–20. (Nilisimama nikapiga kelele, mzee mmoja akaniomba nikae.) Ya sita 30–26, ya saba 35–31, ya nane 40–36. Kisha wewe tena, na tukamaliza 43–45.

Sasa jumlisha. Zamu zako tatu: umepata 13, umefungwa 13. Namba mbili amepata 15, amefungwa 14. Namba moja amepata 15, amefungwa 18. Tumeshindwa kwa miwili. Hesabu hizi zingekuwa za chama, na mkutano ukaniuliza nani kaleta hasara, jina lako lisingesomwa.

Lakini karatasi hii usimwonyeshe namba moja, wala usimsimulie. Zamu ya nne alikutana na yule mrefu wao, yule yule uliyemfunga 5–3 mwanzoni kabla mwili wake haujapata moto. Yeye alimpata akiwa amekolea. Tena waya wake wa mwilini, ule unaounganisha upanga na mashine ya taa, ulikufa katikati ya zamu, akapewa wa kuazima, akasimama akisubiri huku mpinzani akirukaruka kujiweka tayari. Daftari langu halina safu ya mambo hayo. Halina pia safu ya kuonyesha kwamba zamu ya tisa si sawa na ya tano. Ya tano ukikosea kuna wa kukufuatia. Ya tisa hakuna. Kwa hiyo ukiniuliza kama sufuri yako (13 toa 13) inakuondolea zamu ile, jibu ni hapana, na nadhani hicho ndicho ulichotaka mtu akuambie.

Basi tuitazame. Uliingia 40–36, ukapata wa kwanza haraka, 41–36. Baada ya hapo ukaanza kurudi nyuma. Yule msichana akakudungua kifundo cha mkono mara tatu, kwa mtindo ule ule, na kila mara mkono wako ulikuwa umenyooka bila mwili nyuma yake. 41–39. Ukarudi tena, miguu yote miwili ikavuka mstari wa nyuma, refa akampa mguso bila hata upanga kukugusa. 41–40. Zikawaka taa zote mbili, yaani mligusana kwa pamoja, 42–41. Akakupata ncha ya kiatu, 42–42. Taa mbili tena, 43–43. Kisha mkono, kisha kifua.

Nimejifunza mchezo wenu ukubwani na sijifanyi kocha. Hata hivyo nimekaa kwenye mabenchi yale msimu mzima nikiuliza maswali ya kijinga, na jambo moja nimelielewa. Katika foili na seba, aina nyingine mbili za panga, refa huamua nani alikuwa na haki ya kushambulia. Katika epe, upanga wenu, hakuna haki hiyo. Mkigusana ndani ya takriban sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, mashine inawapa wote wawili. Maana yake, aliye mbele anazitaka taa mbili kuliko aliye nyuma. Ukiwa 41–36, miguso minne ya pamoja inakufikisha 45–40 na mnarudi nyumbani mkiimba. Hukuhitaji kumkwepa hata mara moja. Ulihitaji kumsogelea, na kila anaponyoosha, nawe unyooshe. Badala yake ulijaribu kuzilinda dakika tatu, nazo ni ndefu mno kulindwa kwa miguu kwenye ulingo wa mita 14.

Hiyo ndiyo sehemu yako, Zawadi. Ulikuwa na uongozi ukaugeuza kuwa kitu cha kukimbia nacho. Ichukue hiyo. Ile ya zamu ya nne, na ya mguso wa ziada wa zamu ya sita, waachie wenyewe. Nao wanazo. Unadhani wamenyamaza kwa kukuhurumia, lakini mimi niliwatazama wakikunja nyaya: kila mmoja alikuwa akiirudia zamu yake kichwani. Namba mbili alikuwa akichezesha kifundo cha mkono peke yake pembeni, anafanya, anatikisa kichwa, anafanya tena. Huyo hakuwa anakuwaza wewe.

Umesema pia kwamba huenda mchezo huu si wa watu kama sisi. Hilo sitalipa nafasi kubwa. Alexandra Ndolo alishinda fedha ya epe katika mashindano ya dunia kule Kairo mwaka 2022 akichezea Ujerumani, kisha akaamua kuchezea nchi ya baba yake, na Paris 2024 akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Olimpiki. Alitolewa mapema, hakufa. Michezo hiyo hiyo, Mohamed El-Sayed wa Misri akachukua shaba ya epe. Na vijana wa klabu ya vitara ya Tsavora wanafanyia mazoezi Mathare, si Monaco. Wanawake wenyewe hawakuruhusiwa epe katika Olimpiki mpaka 1996, kwa hiyo ukitafuta mtu wa kukuambia mchezo huu si wako, kuna foleni ndefu mbele yako ya waliokwisha kuambiwa.

Kinachonikera ni kwamba unaupima msimu wote kwa dakika tatu. Mlianza mkiwa na barakoa chache, mnavuana moja mnavishana, jasho la huyu linamtiririkia yule. Ukumbi mnagawana na watu wa badminton, wakichelewa kutoka nanyi mnaanza usiku, na stima ikipotea mashine ya taa inakuwa boksi tu. Matatu zinawatoza nafasi ya mtu kwa kile kibegi kirefu, na hakuna makanga aliyewahi kuamini si gitaa. Pambano la kwanza la msimu hamkufika hata 30. La mwisho mkaongoza kutoka zamu ya kwanza mpaka karibu na mwisho wa ya tisa, dhidi ya klabu ambayo wasichana wake wameanza wakiwa shule ya msingi. Mimi ningekuwa kocha ningelala vizuri usiku ule.

Umeuliza kama umwambie akutoe namba tatu. Usimwambie. Mwambie jambo jingine: mfanye mazoezi ya kuanzia 40–36, saa ikiwekwa dakika tatu kamili, wewe ukiwa mbele na mwenzako nyuma, kisha mbadilishane. Mlicheza msimu wote mkianzia 0–0. Zamu ya tisa haianzi hapo, na mtu hawezi kuizoea hali asiyowahi kuijaribu. Kama atakubali, nitakuja na daftari.

Koti lako nimelishona kwapani upande wa kushoto, lakini lile vazi la kinga la mwenzenu, la kuvaliwa chini ya koti, lililochanika nimelirudisha kama lilivyokuja. Aliniletea na kitambaa cha mitumba kutoka Gikomba, kizito kweli, kizuri kweli, nikakataa. Mwaka 1982 kule Roma upanga wa mpinzani ulivunjika na kipande kikapenya barakoa ya Vladimir Smirnov, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa foili, akafariki baada ya siku chache. Tangu hapo barakoa, chuma na nguo vikawekewa masharti makali zaidi. Kiraka changu hakijapimwa na mtu yeyote. Mshono wa nje uliofumuka nitaushona bure kwa timu nzima, uzi ninao. Tundu la mahali ambapo upanga unaweza kupita, hapana, hata akinipigia magoti. Mwambie anunue jipya, na kama pesa ni tatizo anipigie, kuna njia ya kuchanga bila kumwaibisha.

Jumapili napika pilau. Njoo, na umlete namba moja. Kuhusu zamu ya nne nitakaa kimya, nawe ukae kimya. Kama anapenda pilipili nyingi unijulishe mapema, kwa sababu baba yako siku hizi tumbo halimruhusu na nitalazimika kutenga sufuria mbili.

Ni mimi,
Mamako