Kona za Kitonga: punguza mwendo kabla hujakata usukani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ukitoka Iringa kuelekea Dar unajikuta umeingia kona za mteremko wa Kitonga kwa kasi kuliko ulivyodhani. Barabara yenyewe inakudanganya. Ukikaa muda mrefu kwenye 100 huku imenyooka, jicho linazoea; ukishuka hadi 80 unaona kama gari linatambaa. Basi tazama mshale wa spidi, usiamini macho.

Shida ni kwamba mwendo ukiongezeka kidogo, kona inadai mengi. Ileile ukiiingia kwa 80 badala ya 60, tairi zinatakiwa kushika lami karibu mara mbili. Kwa hiyo breki imalize kazi ukiwa bado umenyooka. Ukiikanyaga katikati ya kona, hasa mvua ikinyesha, tairi zinakata kona na kusimamisha gari kwa wakati mmoja, hapo ndipo zinapoteleza.

Mteremkoni weka gia ndogo ukiwa bado juu, injini ikusaidie kushika gari. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta pa kuegesha salama, zipoe. Na lori la mbele, nakusihi sana, usilipite kwenye kona hata likitambaa vipi.