Uliza Anko: bamvua ya Coco, mjusi wa Lindi na kunguru

Shikamoo anko. Juzi saa nne asubuhi tumefika Coco bahari imekimbia mbali huko hadi mawe yote nje, wiki iliyofuata tukaenda saa ileile tukakuta maji yamejaa. Nani anayachota? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Anayachota mwezi. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku lakini kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake inakuta mwezi nao umeshasogea mbele, kwa hiyo piga hesabu siku 7 unapata karibu saa 6, na saa 6 ndo safari ya maji kutoka kupwa mpaka kujaa. Basi mlirudi saa ileile ya ukutani ila kwa bahari ilikuwa saa nyingine kabisa.

Halafu hiyo siku ya kwanza ni wazi ilikuwa bamvua, yaani mwezi mchanga au mpevu, jua na mwezi vimejipanga na dunia mstari mmoja vinavuta kwa pamoja, hapa Dar tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu vinavutana kila kimoja na upande wake, tunapata maji mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana. Wachokoa pweza hawahitaji apu ya simu kujua haya, wanatazama juu tu usiku wanajua kesho waende au walale.

Anko eti mjusi mkubwa kuliko wote duniani ni wa kwetu, Wajerumani wakamuiba? (Tabata)

Wa kwetu ndio, ni dinosaria, katoka Tendaguru, Lindi, na aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, ila hapo "walichimba" uisome vizuri, maana waliochimba hasa ni watu wa kule kule, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa kwa vichwa na mabega, siku kadhaa porini kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo kasimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu kwenda juu mita 13 na ushee, na ile mifupa si ya mnyama mmoja, imeunganishwa ya kadhaa. Mkubwa kuliko wote hapana, Argentina wamepata wakubwa zaidi. Kuiba? Wakati huo mtawala ni wao, mtoa kibali ni wao na mchukuaji ni wao, sasa wewe ita unavyotaka.

Tingatinga za kuchora zina uhusiano gani na tingatinga la kulimia? (Kigamboni)

Hazina. Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli. 1972 akapigwa risasi na polisi kimakosa, akafa.

Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu walitoka wapi? (Kariakoo)

India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka bahari na sasa wanakula mpaka mayai na vifaranga vya ndege wengine. Takataka je? Toka nje uangalie. Mimi jana wamenichukulia chapati dirishani, ya moto.