Bei imepanda, kurasa 140 zanisubiri

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nauza leso hapa Mtaa wa Biashara. Mpwa wangu alinitengenezea tovuti kwa WordPress, kila leso na ukurasa wake: picha, maelezo, bei, vyote vimeandikwa mfululizo kama barua. Sasa bei ya doti imepanda. Tangu Jumatatu nabadilisha moja moja, kati ya kurasa 140 nimefika ya 60. Na mteja akitaka kuona nyekundu zote, sina la kumwonyesha. Nihamie mfumo mwingine?
Mama Leso, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mamangu. Usihame. Barua zako 140 utakwenda nazo huko huko.

Hebu tandaza leso moja juu ya kaunta. Ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani ule msemo wake. Anayetaka kusoma jina hahangaiki, macho yanashuka yenyewe hadi juu ya pindo la chini. Tovuti yako imekoroga picha, maelezo na bei pamoja.

Mpwa aunde aina mpya ya maudhui, aiite Leso. WordPress imeruhusu hilo tangu toleo la 3.0, mwaka 2010, kwa hivyo asikwambie ni kazi ya ajabu. Ndani atie visanduku: jina, picha, doti zilizobaki. Rangi iwe orodha ya kuchagua, si ya kuandika. Leo utaandika "nyekundu", kesho "nyekundu ya kuiva", na mashine itahesabu rangi mbili. Damu ya mzee nayo uipe nafasi yake, wateja wa Mombasa huiulizia kwa jina.

Bei ndiyo yenye kazi. Nadhani hupangi bei leso kwa leso. Unapanga kwa kitambaa. Basi bei ikae kwenye kitambaa: Pamba bei hii, Polista bei ile, na kila leso ichague kitambaa chake. Ikipanda, unagusa mahali pamoja. Mimi niliwahi kuandika bei za vyumba vya nyumba moja ya wageni ndani ya aya. Bei moja ikanipita bila kubadilishwa, na mgeni akaja na begi lake na bei ya mwaka uliopita.

Hizo kurasa 80 zilizobaki ziache kwanza. Ketini dukani na daftari, mchague leso kumi zisizofanana, mjaze visanduku kwa kalamu. Mkikuta ya zamani yenye jina kwa herufi za Kiarabu, mtajua kisanduku kimoja kimepungua.